Tuhesabu Safari, Tusihesabu Viti

Kila baada ya muda, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, hufanyika hafla ya kugawa viti vya magurudumu. Viti hupangwa kivulini, waheshimiwa huhutubia, picha hupigwa, na mwisho hutangazwa idadi ya viti vilivyotolewa, idadi ambayo ndiyo inayoingia katika ripoti na kubaki humo. Sijapata kusikia mtu akitaja hesabu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye maana: miezi sita baadaye, mwenye kiti kile hufanya safari ngapi kwa wiki bila kumwomba mtu amsukume, ambebe au amsubiri? Hoja yangu ni kwamba tungeanza kuhesabu safari badala ya viti, tungegundua kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita msaada haijamtoa mtu hata mlangoni kwake, na tungejua pia mahali pa kurekebisha.

Mwana wa ami yangu aliteleza kutoka juu ya mnazi akiwa na umri wa miaka 27. Aliumia mwishoni mwa pingili za kifua, na ugwe wa neva unaopita ndani ya mfupa ukajeruhiwa. Pingili za shingo ni 7, za kifua 12 na za kiuno 5, na mahali ugwe ulipoumia ndipo panapoamua mtu atabaki na nini. Aliyeumia shingoni, kwenye neva ya sita, anaweza kukunja kiwiko na kuinua kiganja lakini vidole havimtii; aliyeumia chini ya kifua, kama ndugu yangu, amebaki na mikono mizima, mabega yenye nguvu na sehemu kubwa ya misuli ya kiwiliwili. Kwa kipimo chochote cha tiba, mtu wa namna hii anatarajiwa kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini, kujivika nguo, kuoga na kutoka nje. Ndugu yangu alikaa miezi 14 bila kutoka nje peke yake. Kilichomzuia hakikuwa mgongo.

Kilichomzuia, kwanza kabisa, kilikuwa kiti chenyewe. Alikipata katika hafla moja kama zile nilizozitaja. Kilikuwa na upana wa sentimita 46 ilhali nyonga zake zina sentimita 36, kwa hiyo aliketi akiegemea upande mmoja kama mzigo uliofungwa vibaya, na ili aifikie ringi ya kusukumia ilimbidi apanue viwiko kama mtu anayeogelea. Magurudumu ya mbele yalikuwa madogo na membamba, ya mpira mgumu, ambayo katika sakafu ya hospitali huteleza vizuri lakini katika vichochoro vyetu huingia kwenye mfereji wa maji na kunasa, na mwenye kiti akaruka mbele. Alianguka hivyo mara mbili katika mwezi wa kwanza. Mara ya tatu hakujaribu tena.

Si haki kumlaumu aliyekibuni kiti kile, kwa sababu alikibuni kwa ajili ya mahali pengine. Mwaka 1933, huko Marekani, mhandisi Harry Jennings alimtengenezea rafiki yake Herbert Everest, aliyekuwa amevunjika mgongo katika ajali ya mgodini, kiti cha mabomba ya chuma chenye vyuma viwili vilivyopishana chini ili kikunjwe. Sababu ya kukunjwa ilikuwa ni kuingia ndani ya gari. Muundo huo ukaenea duniani kote, na hadi leo viti vingi vya msaada ni wajukuu wake. Nami hujiuliza, kila nikiviona vikiteremshwa gatini, ni gari gani ya Amu ambayo kiti hiki kinatarajiwa kuingia ndani yake. Tumepewa maungio ya kukunja, ambayo ndiyo ya kwanza kulegea kwa mchanga na kuliwa na chumvi, ili kutatua shida ambayo mji wetu wa kale hauna.

Miundo iliyofikiriwa kwa ajili ya njia mbaya ipo, na si mipya. Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepooza baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1966, alitumia miongo akibuni viti pamoja na mafundi wa nchi maskini, vyenye magurudumu ya mbele mapana ya mpira laini na nafasi ndefu ya kutosha kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ili kiti kisipinduke mbele. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991, lina kiti cha magurudumu matatu ambacho gurudumu lake la mbele limepelekwa mbali na miguu, likapita juu ya mashimo badala ya kuyaingia. Wahandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, wakiongozwa na Amos Winter, walibuni kiti kinachoendeshwa kwa kusukuma mitaimbo miwili badala ya ringi, na kilifanyiwa majaribio hapahapa Afrika Mashariki.

Hata hivyo, ningekuwa mwongo nikisema kwamba kiti kirefu cha magurudumu matatu kinafaa kila mahali Lamu. Kadiri kiti kinavyorefuka ndivyo kinavyokuwa imara kwenye mashimo, na ndivyo kinavyokataa kukata kona katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Vivyo hivyo baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono: kwa mtu wa Mokowe, Hindi au Mpeketoni, huko bara, mwenye barabara pana na masafa marefu, hakuna chombo bora zaidi, kwa mtu wa Mkomani, mtaa wa vichochoro hapa mjini, ni pambo la ukutani. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 haukusema kiti bora ni kipi. Ulisema kiti kinachofaa ni kile kinachokidhi mahitaji ya mwenyewe na mazingira yake, kinachomkaa mwilini na kumshikilia, kilicho salama na cha kudumu, na kinachoweza kupatikana na kutengenezwa katika nchi yake kwa gharama inayomudika. Kabla ya kumkabidhi mtu kiti, mwongozo ule unataka apimwe, aandikiwe kiti chake kama anavyoandikiwa dawa, akijaribu, afundishwe kukitumia, na baadaye afuatiliwe. Hafla zetu hurukia moja kwa moja kwenye kukabidhi.

Suala la kutengeneza lina uzito wake hapa kisiwani. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Beringi za magurudumu ya mbele zikikosa grisi kwa miezi michache hukwama, spoki hushika kutu pale zinapoingia kwenye ringi, na breki hulegea. Ndugu yangu alipopata kiti cha pili, kupitia kituo cha bara kinachopima watu kabla ya kuwapa, jambo la kwanza alilolipenda halikuwa wepesi wake bali tairi zake, kwa kuwa zilikuwa za kipimo cha baiskeli. Fundi baiskeli wa mtaani, ambaye hajawahi kusomea kitu chochote kuhusu ulemavu, huziba pancha, hubadilisha tyubu, huosha beringi kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi mpya wakati chai inachemka. Kiti cha kifahari ambacho kipuri chake huagizwa ng'ambo huishia uani, kikianikiwa nguo. Laiti ningepewa nafasi ya kuandika sharti moja tu katika kila mkataba wa msaada, ningeandika kwamba kiti kisipoweza kutengenezwa na fundi baiskeli kisivushwe maji.

Kuna kifaa kingine ambacho hakionekani katika picha za hafla, nacho ni mto wa kukalia. Mtu asiyehisi makalio yake hahisi pia kwamba damu imeacha kufika kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na kiti, na kidonda huanzia ndani kikaonekana nje baadaye, kikiwa tayari kimechimba. Kinga yake ni mto wenye umbo na ugumu unaogawa uzito, pamoja na mazoea ya kujiinua au kuegama kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kwa joto na jasho la pwani, ngozi hulainika na kuharibika upesi zaidi. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa na fedha, wauguzi na madaktari wa kila aina, alikuwa akitibiwa kidonda cha namna hiyo kilichoshika maambukizi alipofariki mwaka 2004. Ndugu yangu alikuwa ameketi juu ya kipande cha sponji la godoro kilichobonyea hadi kuwa kama chapati. Kidonda alichopata kilimlaza kifudifudi wiki tisa, na wiki hizo tisa zote zilitokana na kitu ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kiti.

Kisha kuna ujuzi. Watu wengi huamini kwamba kiti cha magurudumu kinajieleza, ukikikalia unasukuma basi. Kumbe kuvuka mfereji wa mtaa wa Langoni kwahitaji kuinua magurudumu ya mbele na kusawazisha kiti juu ya yale mawili ya nyuma, kwa kishindo kimoja cha mikono, kisha kuegemeza kiwiliwili mbele kwa wakati wake. Ndugu yangu hakufundishwa na daktari. Alifundishwa na mtu mwingine mwenye kiti, kwa siku nne, huku mtu anayetembea akiwa nyuma ameshika kamba iliyofungwa kwenye fremu ili akipinduka asigonge kisogo. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mwalimu bora wa kiti ni mwenye kiti, na kwamba kumlipa mtu huyo posho ya kuwatembelea wapya ni matumizi yenye manufaa kuliko mahema ya hafla.

Nimezungumza kwa kirefu juu ya kiti kwa sababu mazoea yetu ni kukimbilia upande wa pili wa hoja, yaani kusema kwamba mji wenyewe ndio usiowezekana. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo neno urithi limekuwa jibu la kila anayeombwa kurekebisha kizingiti. Naliheshimu neno hilo. Sitaki kuona daka, kile kibaraza cha mawe cha mlangoni, la karne zilizopita likivunjwa ili simenti imwagwe. Lakini hebu tutazame punda. Punda mwenye shogi zilizojaa mchanga au mawe ya kujengea ni mpana kuliko kiti cha magurudumu, ambacho kwa kawaida hakizidi sentimita 65, na hupita katika vichochoro hivyo kutwa kucha. Tumtazame pia hamali wa mkokoteni. Ukimwuliza namna ya kufikisha magunia ya mchele kutoka gatini hadi duka fulani, atakueleza njia isiyo na ngazi hata moja, wapi mfereji umefunikwa kwa ubao, na wapi mteremko ni mkali wakati wa mvua. Njia zinazokwenda sambamba na bahari, ile ya ufukweni na Usita wa Mui, ni tambarare kiasi; zinazopanda kuelekea juu ndizo zenye vipandio. Ramani ya mji kwa mwenye kiti imo kichwani mwa hamali, na hakuna aliyewahi kumwomba aichore.

Athens, huko Ugiriki, ambako mawe ni ya kale kuliko yetu, waliweka lifti mpya ya kupandia Akropoli, kilima cha mahekalu yao ya kale, mwishoni mwa mwaka 2020. Mabishano yalikuwa makali, hasa juu ya njia za zege zilizowekwa kileleni, na baadhi ya pingamizi zilikuwa na hoja. Angalau walibishana juu ya namna ya kufanya. Sisi bado tuko kwenye kusema haiwezekani.

Vizingiti vya nyumba ni suala gumu kweli, na hesabu haibembelezeki. Kipimo kinachokubalika kwa mteremko wa kiti ni 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 20 chahitaji ubao wa mita 2 na sentimita 40, ambao hauwezi kutandazwa katika kichochoro cha mita moja na nusu. Nyumba za mawe, ambazo watu hulala ghorofani kwa kupanda ngazi za mwinuko mkubwa, zina shida kubwa zaidi. Familia yetu ilihamishia chumba cha ndugu yangu chini, ikaondoa mlango wa msalani na kuweka pazia, na daka likapata ubao wa kuondoleka unaolazwa ubavuni mwa ukuta. Hayo yalifanywa na seremala mmoja kwa siku mbili.

Gati ni jambo jingine kabisa. Hakuna mtu wa Amu anayekwenda popote nje ya kisiwa bila kuingia katika chombo. Basi huishia Mokowe na ndege hutua Manda, na pote pawili kuna maji katikati. Hospitali ya umma ya rufaa iliyotengwa kwa majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, na kila safari ya kwenda huko, hata ya kupimwa mkojo tu, huanzia kwenye ngazi za gati zenye ukoga wa bahari. Namna yetu ya kulitatua jambo hili ni mikono: vijana wanne humnyanyua mtu na kiti chake, mmoja akiwa amesimama ndani ya mashua inayoyumba. Wanafanya kwa moyo mwema na aghalabu hawadai hata shilingi. Wema huo una gharama ambayo haisemwi. Anayebebwa huondoka wakati wabebaji wanapopatikana, hurudi wanapopatikana, na hawezi kughairi njiani.

Kwa wanawake gharama hiyo huongezeka maradufu. Mwanamke wa mji huu aliyejistiri maisha yake yote anatakiwa akubali kushikwa kwapani na mapajani na wanaume wasio maharimu wake, mbele ya abiria wote, kila anapotaka kwenda kumwona daktari au kumtazama mwanawe bara. Nawafahamu wawili walioamua kutosafiri kabisa. Hawakumlalamikia mtu, na kwa kuwa hawakulalamika hawamo katika hesabu yoyote. Hata ndani ya mji, buibui huingia kwenye spoki na kumvuta mwenyewe, shida inayoondolewa na kisahani cha plastiki kinachofunika gurudumu, lakini viti vinavyoletwa huonekana kana kwamba vimetengenezwa kwa ajili ya watu wavaao suruali peke yao.

Huambiwa kwamba gati la kuelea ndilo jibu, na kwa kiasi ni kweli: jukwaa linalopanda na kushuka na maji hubaki usawa mmoja na ubavu wa mashua. Tatizo huhamia kwenye daraja linalounganisha jukwaa na nchi kavu. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, na kwa kipimo cha 1 kwa 12 daraja lingehitaji urefu wa mita 36. Hapo wahandisi huinua mikono na faili hufungwa. Mimi naona wamefunga mapema. Daraja la mita 15 lingekuwa kali wakati wa maji kupwa na la kawaida kabisa maji yanapokuwa juu, na watu wa visiwa hivi wanajua kuishi kwa saa za maji. Chombo kinachokwenda Pate husubiri maji ili kipite mkondo wa Mkanda, na hakuna nahodha anayeona haya kusubiri. Mwenye kiti anayejua kwamba kwa saa sita kwa siku anaweza kushuka mwenyewe hadi ubavuni mwa boti ana jambo la kupangia safari yake. Leo hana saa hata moja.

Upande wa sheria hauna upungufu wa maneno. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiasi kinachofaa, na pia haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya hali yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilifuatiwa na nyingine mwaka 2025. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mfuko unaogharimia vifaa saidizi. Maneno haya yote huangukia mahali pamoja: kifaa na usafiri vimewekwa katika ibara moja, lakini katika bajeti kifaa ni cha idara moja na gati ni la nyingine, na idara hizo mbili hukutana siku ya hafla.

Nimeulizwa pia kuhusu msikiti, na najua swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini. Magurudumu yamepita kwenye mavi ya punda, mikeka ni mahali pa kusujudu, basi mwenye kiti aswali wapi? Hukumu yake nawaachia masheikh. Upande wa vitendo ni mwepesi kuliko tunavyoufanya: kiti cha pili kisichotoka nje, kinachokaa mlangoni, na ubao wa kujihamishia kutoka hiki hadi kile. Kiti cha zamani cha ndugu yangu, kile kipana cha sentimita 46, kingefaa kwa kazi hiyo. Sakafu ya msikiti ni tambarare, haina mfereji, nacho kingekuwa kimefika mahali kilipobuniwa kutembea.

Wiki iliyopita nilimwomba ndugu yangu aziandike safari zake zote, ndogo na kubwa, kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa. Siku hizi anatengeneza simu katika kibanda karibu na uwanja wa Mkunguni, kwa hiyo nyingi zilikuwa za kwenda kazini na kurudi, moja ya kinyozi, mbili za kahawa. Jumla ilikuwa 17. Safari 13 alikwenda peke yake. Nne zilihitaji watu: moja ya Ijumaa msikitini, moja ya maziko ya jirani katika mtaa wa juu wenye vipandio, na mbili za gatini, kwenda Mokowe na kurudi. Kwenye safu ya mwisho ya daftari, palipoandikwa muda, ile ya kwenda Mokowe alikuwa ameandika saa mbili na robo. Nilipomwambia kuwa mashua huvuka kwa muda mfupi zaidi ya hapo, alinijibu kwamba muda wa kuvuka hakuuandika. Huo ulikuwa wa kusubiri wabebaji.